Pugu Stesheni na Saa za Watu wa Pembezoni mwa Jiji

Reli ya Kati ikitoka Dar es Salaam hupita kwanza kwenye tambarare, ikayaacha maghala ya Kamata, ikapita Karakata isiyo mbali na uwanja wa ndege, ikaingia Gongo la Mboto, na inapokaribia kilometa ya 20 hukutana na vilima vyake vya kwanza. Hapo ndipo Pugu. Wakazi wa huku hawasemi Pugu tu wakaishia hapo. Wanatofautisha Pugu Kajiungeni, Pugu Mnadani kwenye mnada wa ng'ombe, na Pugu Stesheni, na jina hili la tatu limekua hadi likawa jina la kata nzima. Ni maeneo machache ya jiji hili yanayodaiwa na reli jina lao kwa namna hiyo, na ndiyo maana naamini Pugu inastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayetaka kuelewa treni ya abiria wa kila siku inaweza kufanya nini hapa Dar es Salaam, na inakwama wapi.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kwa miongo mingi iliyofuata, Pugu ilikuwa kituo kidogo cha njiani, mahali ambapo treni inayopanda bara ilisubiri treni inayoshuka pwani ili zipishane, kwa kuwa njia ni moja. Abiria aliyepandia hapo alikuwa anasafiri, tena safari ya mbali yenye mzigo na ya kuagana. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu angepanda treni Pugu asubuhi, akafanye kazi Kariakoo, arudi jioni kula chakula nyumbani. Pugu ilikuwa nje ya mji. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko hapo Pugu, kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, kwenda mjini kulikuwa ni safari yenyewe, na barabara inayobeba jina lake leo ilijulikana kama Barabara ya Pugu kwa sababu huko ndiko ilikokuwa ikielekea, mbali.

Mji ukaufuata umbali huo na kuumeza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hawa zaidi ya milioni moja walioongezeka katika miaka kumi hawakupata nafasi Upanga wala Ilala. Walikwenda kule ambako kiwanja kilinunulika kwa akiba ya miaka michache na nyumba ilijengwa chumba kimoja kimoja: Chanika, Majohe, Gongo la Mboto, Pugu, na hata kuvuka mpaka wa mkoa hadi Kisarawe. Kazi zao zilibaki palepale zilipokuwa, Kariakoo, Gerezani, Posta, bandarini. Hivyo kila alfajiri jiji hili huhamisha watu wake kutoka pembezoni kwenda katikati, na kila jioni huwarudisha, na kwa upande wetu sehemu kubwa ya uhamisho huo imekuwa ikipita katika barabara moja.

Anayeijua daladala ya asubuhi kutoka Gongo la Mboto hahitaji kuelezwa. Kuna utaratibu ambao wakazi wa huku tunauita kugeuza na gari: unapanda daladala inayomaliza safari, ukiwa bado upo vituo kadhaa kabla ya mwisho, unalipa nauli ya kwenda nyuma, kisha unalipa tena ya kwenda mjini, ili tu uwe umekaa kitini gari litakapogeuka. Mtu analipa mara mbili na kutumia saa nzima ya ziada kununua haki ya kukaa. Utaratibu huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeushangaa, lakini ukiupima kwa mfuko wa mfanyakazi wa dukani ni kodi nzito ambayo haiandikwi popote.

Katika hali hiyo ndipo treni ya abiria wa mjini ilipoanza, tarehe 29 Oktoba 2012. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe, na wananchi wakaipa treni jina lake hapohapo: treni ya Mwakyembe. Zilikuwa huduma mbili kwa kweli. Moja ilikuwa ya Kampuni ya Reli, TRL, kutoka Stesheni ya katikati ya jiji hadi Ubungo Maziwa. Ya pili ilikuwa ya TAZARA, ikitumia njia yake yenye upana wa milimita 1,067, tofauti na ile ya Reli ya Kati yenye milimita 1,000, hadi Mwakanga. Haikununuliwa treni mpya. Yalichukuliwa mabehewa ya zamani, yakakarabatiwa, yakapakwa rangi, yakarudishwa njiani. Nauli ya treni ya Ubungo ilipangwa kuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na shilingi 100 kwa mwanafunzi. Upande wa Pugu ulisubiri hadi mwaka 2016, huduma ilipofika kwetu kwa njia ileile iliyokuwa ikitupita kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wengi waliisifu treni hiyo kwa kuikwepa foleni, na ni kweli iliikwepa. Mimi naona sifa yake kubwa iko kwingine, nayo ni mwanafunzi.

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kuielewa daladala inavyoendeshwa. Dereva na konda hawalipwi mshahara wa mwezi na mwenye gari, au wakilipwa ni kidogo. Wanachofanya ni kupeleka hesabu, yaani kiasi kilichokubaliwa kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chao. Kila kiti ni fedha, na kila kiti alichokalia mwanafunzi anayelipa nauli ndogo ni fedha iliyopungua kwenye kile kinachobaki. Kwa hiyo konda anayewazuia watoto mlangoni, akisema wawili wanatosha, wengine wasubiri gari la nyuma, hafanyi hivyo kwa sababu ni mtu mbaya. Mfumo wenyewe umempangia afanye hivyo. Na mtoto anayesubiri gari la nyuma hukuta gari la nyuma nalo lina konda mwenye hesabu yake. Nimewaona watoto wa shule ya msingi wakiwa wamesimama kituoni tangu kulipokuwa bado giza, mabegi yamening'inia vifuani badala ya mgongoni ili yasishikwe na mlango, macho yote kwenye mkono wa konda, wakisoma kama mkono huo utafunguka au la.

Treni haikuwa na sababu ya kumzuia mtoto. Behewa halina hesabu ya siku. Mlango ni mpana, nafasi ya kusimama ni kubwa, na mkata tiketi analipwa mshahara uleule hata kama behewa limejaa sare za shule tupu. Asubuhi katika stesheni ya Pugu utofauti huo ulionekana wazi kwenye namna watoto walivyosimama. Walisimama wakizungumza. Baadhi walikuwa wamekaa wakimalizia kazi za shule juu ya mapaja, daftari limekunjwa nusu, kalamu ikisubiri treni isimame ili mwandiko usiharibike zaidi. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi iliyofunikwa kwa kitambaa, ambaye naye alikuwa akienda mjini kuuza, aliwaita kwa majina na kuwasogeza mbali na ukingo wa jukwaa kichwa cha treni kilipojitokeza. Nao waliitikia, «Ndiyo, mama,» wakarudi nyuma hatua mbili na kuendelea na mazungumzo yao. Huo ni utulivu ambao mtoto wa kituo cha daladala haujui, na serikali inayotaka watoto wafike darasani wakiwa na akili ya kusoma ingepaswa kuuhesabu kama mapato.

Sasa nizungumzie upande mgumu, kwa sababu kuipenda huduma hii bila kuelewa ugumu wake hakuisaidii.

Treni ya abiria wa mjini ina tatizo la asili ambalo lipo duniani kote: asubuhi watu wote wanakwenda upande mmoja. Treni inaondoka Pugu imejaa na inarudi Pugu karibu tupu kuchukua wengine. Mafuta yanayochomwa kurudi ni yale yale, na dereva analipwa vilevile. Ikifika saa nne asubuhi wimbi limekwisha, na treni inasimama hadi alasiri. Nauli ya chini, ambayo ndiyo sababu ya kuwepo kwake, haiwezi peke yake kubeba gharama za dizeli, matengenezo ya mabehewa ya zamani na mishahara. Kila mji wenye treni ya namna hii huilipia kwa fedha za umma kwa njia moja au nyingine, kama unavyolipia barabara ambazo daladala hazitozwi kwa kupita. Kuitaka treni ya pembezoni ijilipie yenyewe huku barabara ikijengwa na kukarabatiwa kwa kodi ni kuipima kwa mizani tofauti.

Tatizo la pili ni njia moja. Kati ya Stesheni na Pugu, treni ya abiria wa mjini iliikuta reli ikiwa na wenyewe: treni za mizigo kutoka bandarini na treni za bara. Treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana katikati ya njia. Zinapishana stesheni yenye njia ya pembeni, na ile iliyowahi lazima isubiri. Treni ya mizigo ikichelewa kuingia, abiria wa Gongo la Mboto wanasubiri bila kuona sababu, kwa kuwa sababu iko kilometa kadhaa mbele yao. Mtu anayetazama nje ya dirisha la behewa lililosimama katikati ya vichaka anaweza kufikiri kwamba amesahaulika. Ukweli ni kwamba kuna mtu mwenye simu na daftari katika stesheni ya mbele anayeshikilia usalama wake, naye hawezi kuiruhusu treni hadi njia iwe tupu. Ningependa sana abiria wawe wanaelezwa hivyo wakati wa kusubiri, maana mtu anayejua anasubiri nini husubiri kwa staha.

Kuna pia barabara zinazokatiza reli. Pikipiki inayojipenyeza mbele ya treni, magari yaliyobanana juu ya mataruma kwa sababu foleni ya mbele haijasogea, wachuuzi waliotandaza bidhaa hadi karibu na chuma, yote hayo humlazimu dereva kupunguza mwendo na kupiga honi mfululizo. Treni ya mjini hutambaa mahali ambapo ingeweza kukimbia.

Mwaka 2017 ulileta mambo mawili Pugu. La kwanza ni bomoabomoa. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli ziliwekwa alama ya X nyekundu na kubomolewa, na familia nyingi zilizokuwa zimeishi kando ya reli kwa miaka zikaondoka. La pili ndilo lililosababisha la kwanza: tarehe 12 Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka hapo Pugu jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, yenye upana wa milimita 1,435 na inayotumia umeme, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kikijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Huduma ya abiria ilianza tarehe 14 Juni 2024 hadi Morogoro, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Pugu ikapata stesheni mpya katika njia hiyo, ya kwanza baada ya Stesheni ya Magufuli mjini, na baada yake zinafuata Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro.

Nilifurahi, na bado nafurahia kuiona treni ile ikipita. Ina mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa, haina moshi, na inafanya safari ya Dodoma kuwa jambo la saa chache badala ya siku nzima. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotangaza nauli za kuanzia, Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida, na Dar es Salaam hadi Pugu, kilometa 19, ilikuwa shilingi 1,000. Niliisoma namba hiyo ya mwisho kwa makini kuliko zote. Shilingi 1,000 si bei ya kitajiri. Mtu anayegeuza na gari na kisha kuunganisha gari jingine hutumia zaidi ya hapo. Kwa mara ya kwanza umbali wa Pugu na mjini ulikuwa umewekewa bei katika treni inayoweza kuumaliza kwa dakika chache.

Lakini stesheni huendeshwa kulingana na safari iliyokusudiwa, na stesheni za SGR zimekusudiwa safari ndefu. Abiria anatakiwa kuwa na kitambulisho, tiketi yenye jina lake, kufika mapema kabla ya muda wa kuondoka, kupitisha mizigo kwenye ukaguzi, kusubiri ukumbini hadi milango ya jukwaa ifunguliwe. Kwa anayekwenda Dodoma utaratibu huo una maana. Kwa fundi bomba anayetoka Pugu kwenda Gerezani akiwa na mfuko wa spana, maandalizi yanakuwa marefu kuliko safari yenyewe mara nyingi. Tena ratiba imepangwa kwa ajili ya Morogoro na Dodoma. Inapita Pugu kwa saa zinazoifaa Dodoma. Hili si kosa la treni hiyo, maana haikuagizwa kazi hiyo. Nalisema kwa sababu nimesikia viongozi wa mitaa na hata wasomi wakidai kwamba SGR imemaliza suala la usafiri wa Pugu. Haijalimaliza. Treni ya nchi na treni ya mji ni kazi mbili, hata zikipita kwenye kilima kimoja.

Ninachokiona, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba ujio wa SGR unaipa reli ya zamani nafasi ambayo haijawahi kuwa nayo. Kadiri abiria wa bara na mizigo ya bandari vinavyohamia kwenye njia mpya, ile njia moja ya milimita 1,000 kati ya Pugu na Stesheni inapunguziwa wale waliokuwa wakiisubirisha treni yetu. Ule utaratibu wa kupishana uliotuchelewesha unalegea wenyewe. Njia ipo, imelipiwa zamani, inapita katikati ya makazi ya watu wengi ambao hawahitaji kuhamishwa tena, na vituo vyake tayari vina majina ambayo kila mtu anayajua: Pugu, Gongo la Mboto, FFU Mombasa, Karakata, Kamata. Jiji lolote linalotafuta njia ya treni ya pembezoni hutumia miaka na mabilioni kupata kile ambacho sisi tayari tunacho.

Cha kwanza ninachokiomba ni saa. Kwa miaka mingi treni ya Mwakyembe ilikuwa ya asubuhi na jioni tu, na haikufanya kazi Jumapili wala sikukuu. Mpangilio huo unamfaa karani wa ofisini, ambaye wala si abiria mkuu wa Pugu. Mama lishe hutoka kabla ya karani na kurudi kabla yake. Mwanafunzi wa shule ya msingi hutoka darasani mchana, wakati treni imelala, na hivyo yule mtoto aliyekwenda kwa utulivu anarudi kwa kugombania mlango wa daladala, jua likiwa utosini. Muuzaji wa nguo Kariakoo hufunga usiku, tena siku yake kubwa ni Jumamosi na Jumapili. Safari mbili au tatu za mchana, hata kwa mabehewa machache, zingebadilisha maana ya huduma hii kuliko jengo lolote jipya, kwa sababu mtu huamua mahali pa kumpeleka mtoto shule kwa kutazama namna atakavyorudi.

Cha pili ni kilomita ya mwisho. Stesheni ya mjini iko karibu na Gerezani, ambako mabasi ya mwendokasi yamekuwa yakianzia na kuishia tangu mwaka 2016, na haiko mbali na Kivukoni kwa wanaovuka kwenda Kigamboni. Huduma zote tatu, treni, basi na kivuko, ni za umma. Kadi moja ya malipo, kama ile ya N-Card ambayo watu wamekwisha kuizoea kwenye kivuko, ingetosha kuziunganisha, na abiria wa Pugu anayefanya kazi Morocco, kule Kinondoni, angekuwa na safari moja badala ya vipande vitatu vya safari. Upande wa Pugu jambo ni la chini zaidi kuliko kadi: taa. Wanawake wanaoshuka na treni ya mwisho hutembea kwa makundi hadi mahali bodaboda na bajaji zinaposubiri, na yule ambaye njia yake inaachana na ya kundi huharakisha. Nguzo chache za taa kutoka jukwaani hadi barabarani, na eneo lililotengwa kwa ajili ya bajaji, vingeongeza abiria wa jioni bila kugusa kichwa cha treni wala behewa.

Cha tatu ni paa. Vituo vya katikati, tofauti na stesheni yenyewe, vingi vimekuwa ni mahali tu pa kusimama kando ya reli. Masika ya Dar es Salaam hayana huruma, na mtoto aliyelowa saa kumi na mbili asubuhi hukaa darasani akiwa amelowa hadi saa sita. Halmashauri ya Jiji hujenga vibanda vya kusubiria daladala kandokando ya barabara kubwa. Vibanda vya namna hiyohiyo, vyenye benchi na ubao wa ratiba ulioandikwa kwa herufi zinazosomeka kwa mbali, vinaweza kusimama Karakata na FFU Mombasa kwa gharama ambayo bajeti ya kata mbili inaweza kuibeba kwa kushirikiana na Shirika la Reli, TRC, lililochukua nafasi ya TRL. Suala hili ni la kupelekwa kwenye vikao vya maendeleo ya kata kabla ya bajeti ijayo kupangwa, na wakazi wa Pugu Stesheni, Gongo la Mboto na Majohe wanao wenyeviti wa mitaa wa kulipeleka.